Mwalimu wa Vijidudu na Chungu cha Mama

Mwalimu wa vijidudu hakuwa mtu wa kupeana mkono. Ukimnyoshea wako aliutazama kama kitu kilichotapikwa na mbwa, kisha akakuinamishia kichwa kidogo na kuendelea na safari yake. Sisi wanafunzi tulimzoea. Wazazi hawakumzoea kamwe. Kule kwetu Tororo, mashariki ya Uganda, salamu isiyo na mkono ni mwanzo wa ugomvi, na mwanamke aliyelelewa vizuri hupiga goti na kumpokea mgeni kwa mikono miwili. Mama yangu alimpigia goti hivyo siku aliponipeleka shuleni, mikono yake miwili imetangulia mbele, akabaki hapo chini hadi mimi nikaona aibu nikamwinua.

Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani naandika kwa mapenzi. Mtu huyu simpendi. Alimfungia mama yangu chungu mbele ya soko zima la mji wetu wa Nagongera kwa jambo ambalo halikuwa kweli, na kwa miaka mingi nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake: arudi pale pale aliposimama, aseme kwamba alikosea. Zawadi sikuitaka, wala machozi.

Mama alikuwa mpika malwa. Malwa ni pombe ya wimbi, yaani ulezi, na hainywewi kwa glasi. Chungu hukaa katikati, watu hukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio kidogo mwishoni, na mwenye nyumba hupita na birika akiongeza maji ya moto. Wateja wa siku zote wana mirija yao, huihifadhi kwenye mifuko mirefu ya kitambaa na kuilinda kuliko viatu. Mgeni asiye na wake huazimwa. Kumwazima mtu mrija ni kumwambia karibu, kaa, wewe ni wetu. Kumnyima ni kumfukuza bila kufungua mdomo. Mama hakuwahi kumnyima mtu, hata walevi waliotukana chungu cha jana. Mrija wa kuazima aliuchovya kwanza kwenye maji yanayochemka, akaukung'uta, akaupangusa, ndipo akautoa kwa mikono miwili.

Sasa turudi kwa mwalimu. Alikaa Rubongi, karibu na kambi ya jeshi, na Kiswahili alikiokota kwa askari. Somo alifundisha kwa Kiingereza kama sheria ilivyotaka, lakini akitaka kugomba alihamia Kiswahili, na sisi sote tukawa raia. Raia, funga mdomo. Raia, onyesha kucha. Mpaka leo nikisikia neno hilo redioni mgongo wangu hunyooka wenyewe.

Kucha ndizo zilikuwa sheria yake. Aliyekuwa na kucha chafu hakuchapwa, na afadhali angechapwa. Aliitwa mbele, akabonyeza vidole vyake kwenye kisahani cha kioo kilichomiminwa uji mgumu kama jeli, kisahani kikafunikwa na kuandikwa jina lake, kikawekwa kabatini penye joto. Baada ya siku chache mwalimu alikitoa na kukipitisha darasani dawati kwa dawati. Humo mlikuwa mmeota madoa ya manjano, meupe, mengine yana ute, mengine yana manyoya. Kila doa, alisema, lilianza na kimoja tu usichoweza kukiona, kikajigawa, na watoto wake wakajigawa, na sasa ni mji. Kisahani changu alikiita Kampala. Darasa lilicheka wiki nzima, na nilikata kucha hadi nikatoka damu.

Alikuwa na msemo wake, mkono ni barabara, na aliutumia popote, hata kanisani. Msibani alikula peke yake, kwa kijiko alichotoka nacho nyumbani kimefungwa kwenye leso, huku wenzake wakichota ugali kwenye sinia moja. Lakini mtu huyo huyo alikuwa na mbwa, jibwa la kahawia lenye sikio lililoliwa nusu, na nimemwona kwa macho yangu akiinama mlangoni kwake na kulambwa uso wote, mdomo pamoja. Nikamwuliza mwenzangu, je, ulimi wa mbwa si barabara? Akaniambia ninyamaze, nisije nikaitwa mbele tena.

Kosa lake kubwa halikuwa ujinga, na hilo ndilo linaloniuma. Alijua. Sijaona mtu aliyefundisha somo lile kama yeye. Alitugawia vijidudu kiukoo, kama mzee anayekutajia majirani ili ujue nani wa kumwogopa na nani wa kumsalimu. Bakteria, alisema, ni mwenye nyumba yake: chembe moja ina ukuta, inakula, inajigawa bila kumwomba mtu ruhusa. Virusi ni mdogo zaidi na hana nyumba wala jiko. Huvunja mlango wa chembe ya mwingine na kuilazimisha impikie watoto wake. Kuvu ni ndugu wa uyoga, ndio wanaoozesha mkate na kuwasha vidole vya askari ndani ya buti, na hamira ni wa ukoo huo. Protozoa ni kama mnyama aliyeumbwa kwa chembe moja, na kati yao wamo wa malaria na wa kuhara damu. Ukikosea ukoo, alisema, utakosea dawa. Utamchoma jirani kwa kosa la mwizi. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na nimeyaweka akiba.

Darubini ya shule ilikuwa moja. Siku moja alileta maji ya kinamasi cha mpunga kwenye chupa ya soda, akadondosha tone, akatupanga mstari. Zamu yangu ilipofika niliona kitu chenye umbo la ndara kikipita kinajizungusha, vinyweleo vyake vikipiga maji, kina haraka kama mtu aliyechelewa kanisani. Nilisahau waliokuwa nyuma yangu. Mwalimu hakunisukuma. Alisubiri, kisha akasema polepole kwamba hicho kilikuwepo siku zote, mimi ndiye sikuwepo. Ilikuwa siku ya furaha kubwa katika maisha yangu ya shule, na ninachukia kwamba nilipewa na yeye.

Siku nyingine alituonyesha kwa darubini hamira iliyotoka kwa mwoka mikate, aliyoiotesha kisahanini. Vilikuwa vishanga vyeupe vya mviringo, na kila kishanga kikitoa kishanga kidogo ubavuni, kama mtu anayeota uvimbe kisha uvimbe ukaondoka kwenda kujitegemea. Alitunusisha kile kisahani. Alitaka tukumbuke kwa pua pia.

Na kulikuwa na maziwa yake. Ofisini aliweka kibuyu cha maziwa lala, na wakati wa mapumziko alikunywa akifumba macho. Mwanafunzi mmoja jasiri alimwuliza kama mle hamna vijidudu. Akajibu kwamba wamo tele, lakini hao ni bakteria watumishi, wanayageuza maziwa yawe machachu ili wale waovu wasipate pa kukaa. Alilisema hilo kwa fahari kana kwamba aliwaajiri yeye. Kibuyuni mwake walikuwa watumishi. Chunguni mwa mama yangu wakaja kuwa uchafu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Mvua za mwaka ule zilileta kuhara Nagongera. Watu walilazwa, watoto hasa, na hofu ikaingia nyumba kwa nyumba. Chemchemi tuliyochota maji ilikuwa chini ya vyoo vya soko, na hilo kila mtu alilijua kwa namna ya kutolijua. Mwalimu aliombwa na wakubwa wa eneo aje aelimishe umma. Akaanza kuzungukazunguka na leso zake na visahani vyake, akipangusa huku na huku ili aoteshe alichokipata.

Alifika kwetu jioni moja. Mama alifurahi kupita kiasi. Mwalimu mwenyewe, nyumbani kwake. Akamfutia kiti, akachovya mrija kwenye maji ya moto, akampa kwa mikono miwili, safari hii bila kungoja mkono wake. Mwalimu aliupokea kwa ncha za vidole. Hakunywa. Aliugusisha chunguni, akauviringishia leso, akaaga kwa kichwa na kuondoka nao. Mama alicheka kidogo, akasema labda anaona haya kunywa mbele ya mwanafunzi wake. Alimtetea hadi usiku tulipolala.

Siku ya soko lilikuja pikapu lenye spika. Mwalimu alipanda nyuma. Alisema mengi na mengi yalikuwa ya kweli: choo, sabuni, kuchemsha maji. Kisha akainua kisahani. Kilikuwa kimejaa madoa meupe, laini, yaliyobanana. Nilikuwa nimesimama karibu, na alipokifungua kifuniko watu waone vizuri, harufu ilinifikia. Ilikuwa harufu nzuri. Hilo lilinishangaza lakini sikujua la kufanya nalo.

"Raia, hii uchafu ndiyo munakunywa," alisema. "Imetoka kwa mrija ya mama yule."

Akanyosha kidole. Mama alikuwa nyuma ya chungu chake, birika mkononi.

Hakuna aliyemtukana. Watu waliinuka tu, mmoja mmoja, wakafunga mirija yao kwenye mifuko na kuondoka. Wanawake wenzake waliokuwa wakipanga vyungu karibu naye wakavisogeza upande wa pili, wakiangalia chini. Jioni mama alimwaga malwa yote nyuma ya nyumba. Kuku wakala machicha wakalewa, wakawa wanatembea kiubavu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kucheka. Alijaribu mara kadhaa tena. Chungu kilikaa hadi kikapoa. Mwishowe alikifunika kwa gunia, tukahamia Busia, upande wa Kenya, kwa binamu yake aliyekuwa akiuza mkaa. Mimi shule ikaishia hapo.

Mrija wa kuazima unaweza kubeba ugonjwa, sibishi. Midomo ni midomo. Lakini tuambiwe hivyo basi, na tuambiwe kwamba visahani vya soko lote vingeota kitu. Yeye hakusema mirija. Alisema mama yule.

Nilipata kazi kwa mwanamke mmoja mwenye tanuri nyuma ya soko la Busia. Siku ya kwanza alikoroga hamira kwenye maji ya vuguvugu yenye sukari, akafunika, akaniambia nifagie. Alipofunua, harufu ikapanda, nikaacha kufagia. Ilikuwa harufu ya kisahani. Ilikuwa ile niliyonusishwa darasani, na ilikuwa ile iliyonifikia sokoni. Hamira ndiyo iliyoota mle, ile inayofanya wimbi liwe malwa, isiyokosekana kwenye mrija wowote uliogusa chungu kizuri. Alikuwa ameinua ushahidi kwamba mama yangu anajua kazi yake, akauita uchafu. Na kwa kuwa mimi, mtoto wa kucha chafu, niliijua kwa pua, yeye hakukosa kuijua. Nilitema mate kwenye vumbi la mkaa. Mama nilimweleza jioni ile. Akasema yeye siku zote alijua kwamba kuna kitu hai mle, la sivyo wimbi lingebaki uji, kisha akaniuliza kama nimekula.

Ulipokuja ugonjwa uliofunga mpaka, mwalimu aligeuka nabii. Redio ilimleta kila asubuhi. Mkono ni barabara, alisema, na watu wa pande zote mbili wakasalimiana kwa viwiko na kumsifu mzee wa Rubongi aliyeona mbali. Nilitaka kuizima. Mama akanikataza. Alisema hapo mwalimu anasema kweli, akaenda kunawa. Sikujua kama nimkumbatie au nimpigie kelele.

Tanuri sasa ni langu. Mwaka huu, asubuhi ya kawaida, aliingia dukani mzee mwembamba mwenye mfuko wake wa kitambaa, amevuka mpaka kwa miguu kwa sababu aliambiwa mkate wetu unakaa siku nyingi bila kuota kuvu. Alisema hivyo hivyo, kuota kuvu. Ningemtambua hata gizani. Yeye hakunitambua. Nikamwambia mimi ni nani, na mama yangu ni nani. Akatafuta pa kukaa.

Sikumzungusha. Nilimwambia kile kisahani cha mrija kilikuwa cha hamira. Alilitazama beseni la unga uliokuwa ukiumuka kati yetu, akatikisa kichwa kukubali.

"Ulijua lini?" nikauliza.

"Kesho yake. Niliiweka chini ya darubini."

"Kesho yake, Mwalimu?"

"Watu walikuwa wameanza kunawa mikono, mwanangu. Ningerudi kusema nimekosea, wangeacha yote. Nikaona ni mama mmoja."

Nimewahi kuungua na tanuri hadi ngozi ikatoka, na haikuuma hivyo. Nilimwuliza kama huyo mama mmoja aliwahi kumtoa mtu kwake bila mrija. Nikamwambia mama yuko nyuma, anachambua wimbi la uji, aende akamwambie.

Alikwenda. Nilisimama mlangoni. Aliinama hadi karibu na sikio la mama, akanong'ona, kwa maneno mazuri ya mtu aliyesoma, kwamba chungu kile hakikuwa na kosa. Mama aliendelea kuchambua hadi mwalimu alipomaliza.

"Siku ile wewe nasema na spika, watu yote nasikia," akamwambia. "Sasa wewe nakuja kusema kwa sikio?"

Mwalimu akasema Alhamisi ni siku ya soko Nagongera. Mama akasema anajua.

Sikuamini kwamba angefika. Hata hivyo tulikwenda, mama kwenye gomesi, gauni lake la harusi za watu, mimi nyuma yake kwenye boda, nimeshikilia mkoba. Tuliketi penye wauza malwa, ambao sasa ni wanawake vijana tusiowajua. Mmoja alituazima mirija bila kuuliza lolote. Na mwalimu akafika. Pikapu halikuwepo. Alikwenda kwa muuza dawa ya panya, yule anayezunguka na kispika kinachorudia bei kutwa nzima, wakazungumza, na yule kijana akamwachia kispika.

Akaanza. Alisema zamani alionyesha hapa kisahani, akasema ni uchafu wa chungu cha mama fulani, na haikuwa uchafu, ilikuwa hamira, na alijua, na alinyamaza. Sauti yake ilikwaruza. Watu waligeuka, wakasubiri bei. Mwanamume mmoja akamwuliza anauza nini. Mwingine akasema huyu si ndiye mzee wa redio. Wengi waliokuwepo siku ile wamekufa au wamehama, na waliobaki walikuwa wakinunua vitunguu. Ilikuwa imechelewa hivyo. Nilihisi hasira ikinipanda upya, mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa hata pa kuitupa sikuwa napo.

Ndipo yule muuza malwa aliyetuazima mirija akauliza kwa sauti, "Mama gani?"

Mwalimu akatafuta kwa macho. Kabla hajanyosha kidole mama aliinua mkono wake mwenyewe.

"Mimi," akasema.

Yule mwanamke kijana alimtazama, akamtazama mwalimu, akainuka na kumletea mama birika. Akauliza kama kweli zamani alikuwa akipika hapa, na wimbi alilichachusha siku ngapi. Mama akaanza kumweleza, kwa Kidhopadhola sasa, lugha yetu ya nyumbani, haraka, mikono ikipima hewani kama ambavyo sijaiona ikipima tangu nikiwa mtoto. Wengine wawili wakasogeza vigoda.

Mwalimu alirudisha kispika, akaja hadi penye chungu. Alikuwa amechoka, jasho linamtoka. Alinyosha mkono wake wa kulia, yeye, kwa mama yangu. Mama aliushika kwa adabu, akauachia. Kisha mwalimu akauliza kama anaweza kukaa nasi.

Mama akakipima kwa macho kiti kilichokuwa kitupu.

"Mimi niliazima wewe mrija," akasema. "Leta hiyo, ukae."

Hakuwa nao. Akabaki amesimama pale na mfuko wake, na sisi tukanywa.